Mbele ya kuuzisha IST juu ya motokari ya mbio, tufanye kwanza hesabu

Kila wakati primi inapoingia, mazungumuzo ya Kikula, ya Panda na ya Shituru inakuwa moja: nani anabadilisha motokari? Mwenye IST ya 2003 anaona jirani analeta Golf GTI nyeusi, pine pana, sauti ya moteri inasikilika tangu kwenye kona. Watoto nao wanaanza kuuliza: "Papa, na yetu tutaibadilisha siku gani?" Mama yao ananyamaza kwanza, juu anajua bei ya mufuko wa bunga na anajua minervali ya mutoto mukubwa haiyamalizika.

Sisi tunasema hivi: kwa familia nyingi za watu wa migodi hapa Likasi, kutosha motokari ndogo yenye kutembea vizuri kusudi tuingize ingine ya mbio, hata kama ni mupya kuliko ya kwanza, haiko mupango wa kufanya leo. Sababu ziko tatu: feza, kontra na njia. Na ile ya tatu njo kubwa, hata kama ni ile tunazungumuziaka kidogo sana.

Tusiseme kwamba kutamani ni zambi. Mutu anafanya posti ya usiku, saa kumi na mbili nzima mu vumbi na mu makelele ya mashini, akitoka asubui anataka kitu moja chenye kumufurahisha. Wazee wetu wa Union Minière walitamani kinga na mashini ya kushona, na walivinunua. Lakini kinga ilimupeleka mutu kazini, na mashini ya kushona iliingiza makuta mu nyumba. Vitu vile vilikuwa furaha na vilikuwa kazi. Tuulize basi kama motokari ya mbio nayo itafanya vile.

Tuanze na ile tuko nayo. Toyota IST ya kwanza ilitengenezwa Japani tangu 2002 mupaka 2007. Moteri ni ya litre 1.3 ao 1.5. Ile ya 1.5 ina nguvu ya farasi 109 hivi, na inatumia sheni, haiko mukaba wenye kukatika na kuvunja moteri. Runx ya kawaida ya 1.5 ina moteri ileile. Njo maana pyese zake ziko kila fasi. Fundi wa garaji ya chini ya mti anaijua kama mukono wake. Ikisimama Kambove, kutakuwa mutu wa kuitengeneza Kambove. Ikisimama Fungurume, vilevile. Haiko motokari ya kushangaza watu, lakini inakupeleka na inakurudisha.

Sasa tuangalie ile tunatamani. Kuko Runx ya moteri kubwa, ile ya 1.8 yenye farasi 190. Ni nguvu karibu mara mbili ya IST, mu motokari yenye haiishinde sana kwa ukubwa. Na kuko Golf GTI: ile ya tano, yenye ilianza kuuzishwa mwaka 2004, ina moteri ya litre 2 na turbo, farasi 200. Ile ya sita, ya 2009, ina farasi 210. Ni motokari nzuri, hatukatae. Mutu mwenye aliitengeneza alijua kazi yake. Lakini aliitengeneza kwa fasi yenye barabara laini, esansi safi, na garaji yenye mashini ya kusoma magonjwa yake.

Hapa njo hesabu ya feza inaanza. Tuseme, kwa mufano tu, mutu anauzisha IST yake dola 3,500, na GTI inaombwa 8,500. Anasema mu kichwa: "Nabakisha kutafuta 5,000." Hapana, ndugu. Ile 5,000 ni ya kuingia mu mulango. Kama motokari ingali Kasumbalesa, kuko duani, kuko karatasi, kuko plaki, kuko mutu wa kuifikisha huku. Kisha kuko asurance, kuko vinyeti. Na asurance ya lazima inalipa yule umemuumiza, haitengeneze motokari yako wewe. Ukigonga ukuta na GTI yako, ukuta utalipwa, wewe utabakia kuangalia mabati.

Kisha inakuja esansi. Tuseme IST inakunywa litre 7 kwa kilometre 100, na GTI, kwa namna watu wanaiendeshaka, litre 10. Kutoka Likasi mupaka Lubumbashi ni karibu kilometre 120, kwenda na kurudi 240. IST itakunywa litre 17 hivi, GTI litre 24. Ni tofauti ya litre 7 kwa safari moja. Mwenye kwenda kila juma, mu mwaka moja ni zaidi ya litre 350 za kuongeza. Kila mutu azidishe kwa bei ya leo kwenye pompi, aone mwenyewe.

Tena ile moteri ya turbo haipende kila esansi. Inaomba esansi ya daraja ya juu. Ukiitia ile ya chupa ya kadhafi ya pembeni ya njia, yenye hujui imelala wapi wala imechanganywa na nini, IST inaweza kukohoa na kuendelea. GTI itawasha taa ya rangi ya machungwa, na utatafuta mutu wa kuisoma. Bwate yake ya otomatiki inaomba mafuta yake maalum kila kilometre 60,000, na filtre yake. Ukimuuliza muuzishaji kama ilibadilishwa, atakujibu: "Papa, hii motokari ilikuwa ya muzungu mumoja muzee, hakuwa anaitembeza." Wazungu wazee wa namna ile wamekuwa wengi sana ku Kasumbalesa. Na konteri ya kilometre inarudishwa nyuma na kijana mwenye ordinateri kwa dakika kumi.

Pyese nazo? Kwa IST unatuma mutoto ku soko. Kwa GTI unatuma feza Lubumbashi, ao Zambia, ao Dubaï, na motokari inangojea juu ya mawe mu kiwanja. Wakati inangojea, wewe unapanda taksi-moto juu ya kwenda kazini, na feza ya motokari unaendelea kuilipa.

Sasa tufike kwenye kontra, maana watu wengi wanaisahau. Siku hizi wengi kati yetu hawaandikwe na sosiete kubwa yenyewe. Wanafanya kazi chini ya sosiete ndogo ya sutretansi, kwa kontra ya muda. Sheria ya kazi ya inchi yetu inasema kontra ya muda haiwezi kupita miaka mbili. Mara mingi ni miezi sita, ao tatu. Lakini deni la motokari, iwe ya benki, iwe ya ndugu, iwe likelemba ya kazini, inaweza kupita ile kontra. Unakopa kwa miezi 24 juu ya kazi ya miezi 6. Ile miezi 18 yenye kubakia, nani atailipa?

Na tusidanganyane kwamba bei ya madini itakaa juu siku zote. Tarehe 22 ya mwezi wa pili 2025, serikali ilisimamisha kutosha kobalti mu inchi, juu bei ilianguka sana. Ilisemwa ni miezi ine, kisha ikaongezwa. Tangu tarehe 16 ya mwezi wa kumi mwaka uleule, ikaanza kota: kila sosiete na kipimo chake, tone 96,600 kwa wote kwa mwaka 2026, na vilevile kwa 2027. Hatusemi hapa kama ile mupango ni mubaya ao ni muzuri. Tunasema tu: mushahara wetu unafungwa ku bei yenye haipangwe Likasi. Mutu wa kontra anaisikia mbele ya wote.

Wakubwa kati yetu hawajasahau 2003. Gécamines ilikuwa na deni ya mishahara ya miezi mingi, na kwa musaada wa feza ya Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa ile walioita "départs volontaires". Walipewa feza kwa mara moja. Wamoja walitengeneza nyumba, wamoja walinunua shamba, wamoja walilipa masomo. Na wamoja walinunua taksi-busi ya okazyo, wakasema itawalisha. Taksi-busi yenye ilinunuliwa na feza yote, bila kuweka kitu pembeni juu ya pine na moteri, haikukawia kusimama. Familia yenye ilitumia feza juu ya nyumba, leo ingali na nyumba. Hatusemi vile kwa kuchekelea wale wenye walipoteza. Walikuwa wazazi wetu, na hakuna mutu aliwafundisha hesabu ya motokari. Sisi tulikuwa tunaona, kwa hiyo hatuna kisingizio.

Tukuje sasa ku njia, juu hapa hatuzungumuzie tena feza, tunazungumuzia maisha ya mutu.

Mu inchi yetu tunatembea upande wa kuume tangu wakati wa Wabeleji. Zambia, Tanzania, Afrika ya Kusini na Japani wanatembea upande wa kushoto, na motokari zao ziko na volani ya kuume. Kwa sababu motokari zetu zinapitia kule, Katanga imejaa volani ya kuume. Mwaka 2007 serikali ilikataza kuziingiza. Madereva wakagoma, watu wakalalamika, na mupaka leo kila mutu anaona mwenyewe nini inatembea mu njia zetu.

Mutu wa volani ya kuume, hapa kwetu, anakaa upande wa majani. Mu muji haiko tatizo kubwa. Lakini ku barabara kubwa ya Likasi–Lubumbashi, ao ya kwenda Fungurume na Kolwezi, mbele yako kuko kamyo yenye kubeba shaba ao asidi, inapanda pole pole, metre karibu 20 za urefu, na nyuma yake ingine, na ingine. Unataka kudubla. Dereva wa volani ya kushoto anatosha kichwa kidogo tu, anaona kama njia iko wazi. Wewe wa volani ya kuume, juu ya kuona, unapaswa kwanza kutosha motokari karibu yote mu njia ya wenye kukuja. Muke wako, mwenye kukaa kushoto, njo anaona mbele yako. Wengi wetu tumeisikia: "Papa, pita! Hapana, rudi, rudi!" Tumegeuza wamama kuwa macho ya dereva.

Sasa tia farasi 200 mu hii hesabu. Ku kilometre 100 kwa saa, motokari inakula metre 28 kwa sekonde moja. Ile yenye kukuja mbele yako na mbio ileile, nayo inakula 28. Munakaribiana metre 56 kila sekonde. Mu sekonde tatu, metre karibu 170 zimeisha. Na ukizidisha mbio mara mbili, kusimama haiombe njia mara mbili, inaomba mara ine. Nguvu ya moteri haikuongezee macho. Inakuongezea tu moyo wa kujaribu fasi yenye IST ingekuambia: "Ngoja, mimi siwezi." Na kungojea kule, ndugu, kumelinda watu wengi ku ile njia.

Kuko wenye watatujibu: "Munasema mbaya juu ya motokari mupya, lakini ile ya zamani njo yenye kuua." Hapo wako na haki, na tunapaswa kuwajibu kwa ukweli. Golf ya tano ilipimwa Ulaya mwaka 2004 na ikapata nyota tano kwa kulinda watu ndani. GTI ina mafuko ya hewa mingi kuliko IST, na ina mashini yenye kusaidia motokari isiteleze mu kona ya mvua. Tena kuko hatari ingine mu motokari zetu za miaka ile: mafuko ya hewa ya Takata. Dawa yenye kuipasua inaharibika na joto, unyevunyevu na miaka, na siku ya ajali inaweza kurusha vipande vya chuma mu uso wa dereva. Makumi ya mamilioni ya motokari ziliitwa garaji mu dunia yote juu ya kuibadilisha, na Corolla na Vitz za miaka ya 2000 zilikuwa ndani. Lakini nani ataita motokari ya Kikula? Barua inatumwa kwa mwenyeji wa kwanza, kule Japani.

Kwa hiyo hatusemi mutu asibadilishe motokari hata siku moja. Tunasema abadilishe juu ya sababu ya kweli. Kama IST yako chuma imeoza chini, kama inazima mu njia, kama familia imekuwa watu saba na munakaa mumoja juu ya mwingine, badilisha. Lakini ukiwa na ile dola 5,000 ya kuongeza, usinunue farasi. Nunua volani ya kushoto, hata kama bei iko juu kidogo na kuipata inaomba uvumilivu. Nunua ABS yenye kutembea, mafuko ya hewa yenye yangali mazima, mikaba ya watoto ya nyuma. Nunua moteri yenye fundi wa Likasi anaijua. Ile motokari haitakuwa na sauti ku kona. Itakuwa na watu wazima ndani.

Na kama unaendelea kutamani ile ya mbio, angalau usilipe siku ileile. Iwashe asubui wakati moteri imelala baridi, haiko wakati muuzishaji amekwisha kuipasha moto. Angalia moshi: ya buluu inasema inakula mafuta. Endesha wewe mwenyewe mupaka Kambove na kurudi, na dirisha wazi, radio imezimwa. Kama bwate inapiga mateke mu kubadilisha vitesi, shuka na useme asante. Linganisha namba ya chuma na namba ya karatasi, herufi moja moja. Lete fundi wako, haiko fundi wa muuzishaji. Na uulize bei ya pompe ya esansi na ya turbo mbele ya kuuliza bei ya motokari.

Kwa wenye watabakia na motokari yao, na tunazani njo wengi, kuko kazi nzuri ya kufanya na sehemu ndogo ya ile feza. Badilisha pine zote ine kwa mara moja, na zisiwe zile za okazyo zenye zilikauka. Badilisha freni na mafuta yake. Badilisha amortiseri, juu mashimo yetu yamezimaliza zamani. Tengeneza taa zote, pamoja na za nyuma, juu ya kamyo yenye kukuja usiku. Dereva wa IST ya namna ile atashangaa: ataona kama amenunua motokari ingine. Feza yenye kubakia, iweke. Masomo ya musingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari haiko bure, na univerziti ya Lubumbashi haingojee primi.

Tuseme na neno moja kwa wakubwa. Familia haiwezi kulinda njia yenyewe. Tunalipa peaji ku barabara ya Lubumbashi. Tunataka kuona fasi za kudublia kwa usalama ku milima, alama nyeupe zenye kuonekana usiku, na makamyo zenye zimevunjika zisilale mu kona bila taa. Sosiete nazo zifikirie busi za wafanyakazi zenye kufika mupaka kwenye vitongoji, kusudi mutu mwenye kutoka posti ya usiku asiendeshe mwenyewe macho ikifunga. Dereva mwenye usingizi na farasi 200 ni hatari kwetu wote.

Basi, ba papa, ba mama, ba yaya na wadogo, mbele ya kupiga simu Kasumbalesa, tukae mu nyumba na karatasi na bike. Tuandike maulizo matatu. Kontra yangu ikiisha kesho, nitalipa deni na nini? Motokari hii ikisimama, nani hapa Likasi ataitengeneza, na kwa bei gani? Na ku njia ya Lubumbashi, nyuma ya kamyo, nitaona nini mbele yangu? Mwenye ana majibu matatu mazuri, anunue na afurahi, na sisi tutamushangilia. Mwenye anakosa jibu hata moja, aoshe IST yake, aitilie pine mupya, na angojee.